Tarehe ya Mzee Otiende

"Mahindi Mbili, Mzee Otiende ameuawa hotelini. Muuaji ni Brandel, yuko kwa Peugeot nyeupe. Ndege isiondoke na karatasi yake. Ova."

"Nimesikia. Niko nyuma yake."

Mpelelezi Hulda Aketch alitupa redio ya Motorola kitini, akakanyaga mafuta. Machozi baadaye. Mzee Otiende, mdogo wa babake, ndiye aliyemlea.

Vumbi la Kapseret lilimeza barabara. Ng'ombe wa watu wakatawanyika, mwenyewe akamtukana, na alikuwa na haki.

Bunge la mkoloni lilikwisha kupitisha sheria ya kuiachilia nchi ndogo ya Lumasi. Kilichobaki ni mkataba uliotiwa sahihi kimyakimya hapa Eldoret. Ukifika kwa balozi wa mkoloni Nairobi kabla ya saa sita mchana, bendera mpya inapanda Lumasi. Wajumbe walisharudi kwao. Shahidi wa sahihi aliyebaki alikuwa Mzee Otiende, wakili mstaafu.

Sasa hayuko.

Kwenye uwanja wa ndege, Cessna ilikuwa inanguruma. Rubani Nderitu alisimama chini ya bawa, bahasha mbili mkononi. Kando yake Brandel, mwanasheria wa mkoloni, alikuwa akitabasamu.

"Madam, hii niliachiwa na Mzee jana. Huyu naye ameleta yake, ati yangu ni bandia. Na mihuri ni ileile!"

"Yako ni ya waasi," Brandel alisema, Kiswahili chake safi kabisa. "Kama hamniamini, muulizeni Mzee."

Mshenzi! Mkono wa Hulda uligusa bastola yake ya Browning kiunoni, ukaiacha. Risasi haingeiambia Nairobi karatasi gani ni ya kweli.

Alifungua zote mbili. Ya Nderitu: majeshi ya mkoloni yaondoke leo. Ya Brandel: yabaki miaka hamsini. Sahihi zilifanana mpaka mkia wa mwisho.

Akashuka kwenye tarehe.

Ya Nderitu, Jumapili, 16 Juni 1985. Ya Brandel, Jumamosi, 15 Juni.

Hulda alicheka kidogo, bila furaha.

"Kikao kilipangwa Jumamosi, ukaandaa yako mapema. Halafu ukabaki Nairobi ukichongesha mihuri, usijue kikao kiliahirishwa, sivyo?"

Brandel alirudi hatua moja nyuma.

"Mzee alikuwa Msabato, bwana. Jumamosi kwake hatukuosha hata kijiko. Chakula kilipikwa Ijumaa. Na wewe unaniambia alishika kalamu ya kazi? Wajumbe walimngoja mpaka Jumapili!"

Tabasamu liliisha. Mkono wa Brandel ukaingia kotini.

Browning ililia mara moja.

Bastola ya Brandel ilianguka nyasini, naye akapiga magoti akishika bega. Hulda alimfunga pingu kwenye mlango wa Peugeot.

"Ningetaka kukumaliza," alimwambia. "Lakini utafika kizimbani ukiwa hai."

Akamgeukia rubani. "Peleka ya Jumapili. Haraka!"

Cessna iliruka. Motorola ikakoroma, alikuwa Johnstone, mkubwa wake.

"Mahindi Mbili, hali?"

"Karatasi ya kweli iko hewani. Tuma polisi Kapseret, kuna mtu wa kukamatwa hapa."

"Na wewe?"

"Naenda Huruma, nyumbani kwa Mzee. Mama Selpha bado hajui kwamba ni mjane."

"Pole sana, Hulda. Mazishi basi tupange Jumamosi, kama kawaida?"

"Jumapili," alisema Hulda, akazima redio, akatembea polepole hadi kwenye gari lake.