Mkungu wa Ndizi Juu ya Daraja la Mungu

"Shikamoo baba. Lete mzigo nikupokee."

Ng'washi alikwishapiga magoti juu ya mwamba, mikono miwili mbele, kama alivyofundishwa na mama yake tangu hajaota meno ya pili. Mzee hakuitikia. Alimtazama binti, akamwona na Isakwisa, mchumba wake, amesimama nyuma yake, akashtuka. Mkungu wa ndizi akauachia mikononi mwa Ng'washi, akajifunika uso kwa koti, akachepukia kwenye mianzi kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Chini yao mto Kiwira uliendelea kunguruma ndani ya tundu la jiwe.

"Ana nini mzee wa watu?" Ng'washi aliuliza, mkungu umemlemea.

Atuganile, dada yake Isakwisa, alijishika kichwa.

"Yule ndiye baba yetu. Mkweo. Tulijua yuko sokoni mpaka jioni, kumbe kapita njia ya mkato. Na wewe umemwangalia machoni, ukampokea na mzigo."

"Sasa kosa liko wapi? Kwetu Wasukuma, kumwacha mzee na mzigo ndiyo matusi."

"Kwetu Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani anaacha njia. Hata jina lake halitamki."

Ng'washi alimgeukia mchumba wake polepole.

"Bwana mifugo, wewe ulijua haya?"

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Mtu hamwambii mwenzake avute pumzi, Ng'washi. Nilidhani kila mahali ni hivyo."

"Ng'ombe wa baba ulikuwa unawachunguza siku nzima kabla ya kuwachoma sindano. Mimi hata swali moja hukuniuliza."



Mwaka ule wa sabini na sita, Madibira nzima iliwajua hao wawili. Isakwisa aliletwa kutibu ng'ombe wa wafugaji, akaugua yeye, na ugonjwa wenyewe ni Ng'washi, binti wa mzee Bujiku. Bujiku hakukataa, ila alimwekea binti yake sharti: "Nenda kwanza ukaonwe na watu wake. Wakikukubali, nami nimekubali. Wakikukataa, yamekwisha, na usije kunililia hapa."

Ndipo ikaja barua ya Isakwisa kutoka kwao: "Njoo Rungwe uone ajabu. Liko daraja hakulijenga mtu, jiwe lenyewe limevuka mto. Nataka tusimame juu yake, mimi na wewe." Barua hiyo Ng'washi aliifunga kwenye pindo la kanga, akasafiri nayo kwa lori mpaka Mbeya, kisha kwa basi mpaka Tukuyu. Sasa amesimama juu ya hiyo ajabu, na yote yameharibika kwa shikamoo moja.

"Nirudisheni stendi," alisema. "Baba yenu amenikataa. Baba yangu hatanisikiliza tena."

"Ngoja kwanza," Isakwisa alimsihi.

"Nimngoje nani? Mwenye kusema kakimbia."

"Ewe jiwe."

Wote watatu wakageuka. Sauti ilitoka nyuma ya mianzi. Mzee Asukile, baba yake Isakwisa, alikuwa ameketi kule, mgongo amewapa.

"Ewe jiwe, naongea na wewe. Sina mwingine. Tangu sokoni nimepishana na vijana wangapi, na miguu yangu hii wanaiona inavyochechemea. Hata mmoja hakuuliza mzigo. Nani huyu ameupokea mkungu wangu?"

Ng'washi alifungua mdomo. Atuganile akamfinya.

"Usimjibu yeye," alinong'ona. "Mjibu mwenzake, hilo jiwe."

Ng'washi akautua mkungu, akapiga magoti tena, safari hii ameukabili mwamba.

"Ewe jiwe, mwambie ni mtoto wa Bujiku wa Madibira. Hakuijua njia ya kwenu. Anaomba radhi."

Mzee alikohoa nyuma ya mianzi.

"Jiwe, muulize kama kwao wanategeana vitendawili."

Ng'washi nusura acheke, na machozi yapo shavuni. Kila magharibi, ng'ombe wakishakamuliwa, kwao kazi ilikuwa ni hiyo.

"Jiwe, mwambie atege."

"Wawili hawagusani maisha yao yote, lakini bila wao hakuna daraja. Akishindwa atanipa Madibira yote na mpunga wake."

"Miguu," Isakwisa alinong'ona.

"Miguu inagusana, bwana mifugo. Tulia."

Aliutazama mwamba ulivyolala, bega moja huku, bega jingine kule, maji yakipita katikati bila kuomba ruhusa.

"Jiwe, mwambie Madibira hapati. Ni kingo za mto."

Kule kwenye mianzi kikasikika kicheko kidogo, cha mtu asiyetaka kusikika.

"Kapata. Basi jiwe, mwambie mimi ni ukingo wa huku, yeye ni ukingo wa kule. Tutaheshimiana hivyo hivyo, na wajukuu wapite juu yetu. Na mkungu siuchukui tena, kilichopokewa kimepokewa. Aupeleke jikoni kwa mama yake."

"Umesikia?" Atuganile alimshika bega. "Mama yetu amemwita mama yako."

"Isakwisa," mzee aliita. "Na wewe nakusemesha wazi. Joto la ng'ombe unajua kulipima. Kumwelekeza mchumba njia hujui?"

"Nimekosa, baba."

"Umekosa. Beba mkungu."

Ng'washi aliugusa mwamba kwa kiganja. Ulikuwa wa baridi, umelowa ukungu.

"Ewe jiwe, mwambie wabeja."

"Jiwe, neno gani hilo?"

"Ni asante, ya kwetu."

Mzee alisikika akiinuka, akiburura mguu mmoja, akapotelea migombani.

Mpunga ulipovunwa, harusi ikafungwa. Bujiku alikunywa na kucheka mpaka kofia ikamwanguka, na mzee Asukile alikula upande wa pili wa nyumba, mbali na mkamwana wake.

Miaka iliyofuata, kila mkungu mzuri ulipokomaa, Ng'washi aliukuta juu ya lile daraja. Naye hapo hapo aliacha kikapu cha mchele kutoka kwa baba yake. Alikuwa amejifunza, basi alilishukuru jiwe kwa Kinyakyusa:

"Ndaga."

Na kutoka kwenye mianzi, sauti ya mzee ambaye hakumwona tena uso ilijibu kwa Kisukuma:

"Wabeja."