Sita Gawanya kwa Nusu

Mbishi alikuna kichwa chake cha mpira, akapepesa macho ya kioo, kisha akakosea kama alivyoundwa kukosea. "Sita gawanya kwa nusu ni tatu, mwalimu."

Alikuwa mwanafunzi mnemba, roboti wa kimo cha mtoto wa darasa la tano, aliyeundwa ili walimu wanagenzi wajifunzie kwake kabla ya kukabidhiwa watoto wa watu. Kifuani alikuwa na taa. Akielewa kweli, huwaka kijani. Akikariri tu ili yaishe, hubaki nyekundu. Vyuo vyote vya Mbeya vilimtumia, na wanagenzi wengi walirudi makwao bila cheti kwa sababu yake.

Mwanagenzi Sekela alikuwa ameshashindwa mtihani huu mara mbili. Akishindwa leo, ualimu basi. Hesabu alizijua kama jina lake. Kumwelewesha mwingine ndiko kulikomtoa jasho.

"Geuza sehemu, kisha zidisha," alisema. "Jibu ni kumi na mbili."

"Kumi na mbili," Mbishi aliitikia kwa adabu. Taa ikabaki nyekundu. "Lakini mwalimu, nagawanya halafu vinaongezeka? Vinatoka wapi?"

Nyuma ya chumba alikaa msimamizi, Mhandisi Atupele, mama wa makamo aliyemuunda Mbishi. Mara zile mbili Sekela alilijibu swali hilo kwa kurudia kanuni, sauti ikipanda. Leo alichoka kupiga kelele, akauliza.

"Wewe ukisikia 'kwa nusu', unaona nini?"

"Naona kisu. Nakata katikati, nusu huku, nusu kule."

Kumbe mtoto hakuwa mjinga. Alikuwa akijibu swali jingine kabisa.

"Haya, weka kisu chini. Tuna chapati sita. Kila mgeni anakula nusu. Zitatosha wageni wangapi?"

Mbishi alikunja vidole. "Chapati moja, wageni wawili. Mbili, wanne..." Taa ikawaka kijani. "Kumi na wawili. Chapati ni zilezile, mwalimu. Walioongezeka ni wageni."

Sekela alijibwaga kitini, akacheka hadi machozi. Alipogeuka, mhandisi alikuwa akifuta miwani.

"Nimefaulu, mama?"

"Umefaulu, mwanangu." Alimgeukia Mbishi. "Swali lake hilo, vinatoka wapi, ni langu. Nililiuliza darasa la tano, nikachapwa, nikaitwa Mbishi. Tangu hapo nageuza na kuzidisha, nimeunda mashine hadi nimekuwa mhandisi, na sikuwahi kujua kwa nini."

Alivaa miwani, akaitazama ile taa ya kijani.

"Kumbe ni wageni," alisema.