Simu Isiyomjua Mama

Kila jioni, akishaosha vyombo, Wakili aliazima simu ya kaka yake na kuingia kazini. Kazi yenyewe haikuwa na mshahara. Alikuwa akiitetea Tai, aina ya simu waliyotumia nyumbani kwao, dhidi ya watu wenye simu za Swala. Jina la Wakili alipewa na wanafunzi wenzake, maana ukimwambia Tai inapata joto mfukoni, atakujibu kuwa mfuko wako ndio wenye homa.

Jioni moja kampuni ya Tai ilikuwa imeuliza kwenye ukurasa wake mtandaoni: "Tuboreshe nini?" Mtu mmoja akajibu: "Sisi ni wafuaji wa nguo za hospitali. Sabuni kali zimetufuta alama za vidole. Tangu mlipoisasisha simu, ikitukataa mara tatu inajifunga, tusubiri weee ndipo ikubali namba ya siri. Tunaomba turuhusiwe kuanza na namba."

Wakili alidaka maneno ya alama za vidole tu, mengine hakuyasoma. Akaandika: "Nawa mikono kwanza, halafu uje. Kama Tai imekushinda, kanunue Swala ukateseke vizuri."

Vicheko vikamiminika. Mtu wa Swala aliyejiita Chumachapua akasema tai ni ndege wa mizoga. Wakili akamjibu kuwa swala ni kitoweo. Mashabiki wakajaa kama uwanjani, na ombi la wafuaji likazama chini kabisa. Mwishowe kampuni ikaandika: "Asanteni kwa mapenzi yenu. Hatukuona malalamiko mengi."

"Tumeshinda," Wakili alimwambia kaka yake.

"Mmeshinda nini?" kaka akauliza, akichukua simu yake.



Mama aliingia kutoka kazini akiburuta miguu. Aliketi bila hata kuvua kitambaa cha kichwani, akabonyeza kidole gumba kwenye simu yake. Ikakataa. Akakifuta kwenye gauni, akajaribu tena. Ikakataa. Mara ya tatu ikajifunga.

"Simu hii hainijui tena," alisema. "Hata paka wa jirani ananijua zaidi."

Ilipofunguka, alikuta ujumbe wa msimamizi wake. Kulikuwa na zamu ya ziada, na zamu hizo ndizo zilizowafikisha mwisho wa mwezi. Aliyewahi kujibu ndiye aliyepewa, na mwingine alikwisha kuwahi.

"Si mngeiambia kampuni, mama?" kaka akauliza.

"Tumeiambia. Mwenzangu wa mashine ya kukaushia nguo ametuandikia leo wakati wa mapumziko. Tukaambiwa tukanawe mikono." Mama akacheka kicheko kidogo cha mtu aliyechoka. "Sisi hawa, tunaoshinda tumetia mikono kwenye sabuni."

Wakili aliitazama mikono ya mama. Ncha za vidole zilikuwa laini na kung'aa kama sahani.

"Mama, aliyeandika hivyo ni mimi."

Mama akamtazama.

"Kampuni ile ni ya mjomba wako?"

"Hapana, mama."

"Basi ulikuwa unamtetea nani?"

Wakili akainamisha kichwa.

"Kesho utaandika upya," mama akasema. "Leo sina nguvu hata za kukugombeza."

Kesho yake Wakili aliwaomba radhi wafuaji palepale alipowacheka huku wenzake wakishangilia. Kisha akaeleza tatizo: linatokeaje, lilianza lini, na wanaomba nini. Chumachapua hakukawia. "Wakili amehama kambi?"

Vidole vilimwasha. Alikuwa na jibu tamu kama asali, la kumkalisha mtu wiki nzima. Akaliandika, akalisoma, akalifuta. Badala yake akauliza: "Wazazi wako wanafanya kazi gani?"

Chumachapua akajibu: "Baba ni mwashi. Saruji imemla vidole. Swala yake nayo inamkataa."

"Sasa mbona husemi?"

"Ningesema, nyie si mngenicheka?"

Siku hiyo Chumachapua aliandika kwenye kurasa za kampuni zote mbili. Wakafuata fundi magari, mchimba visima na mkulima. Waliokuja kutukana hawakujibiwa, wakachoka wenyewe. Mfanyakazi wa Tai akaanza kuuliza maswali, na baada ya majuma kadhaa sasisho jipya likaja.

Jioni moja ujumbe ulilia. Mama akabonyeza namba zake za siri, simu ikafunguka, akajibu wa kwanza.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," alimwambia Wakili, akitafuta viatu kwa mguu chini ya kiti. "Nyinyi mlimsifu mgema, sisi tukanywa maji. Anayetaka kitu kiwe bora husema kasoro yake, na humsikiliza anayeumizwa nacho, hata kama si wa upande wake."

"Kwa hiyo nisiipende Tai, mama?"

"Ipende. Ila ikikosea, iambie, kama ninavyokuambia wewe." Akapiga mwayo mrefu. "Haya, nisaidie kiatu cha pili. Nimepata zamu."