Ukurasa wa Alhamisi

Kila alfajiri, mkuu wa kituo cha Katoka aligonga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, akaangalia upande wa Kolwezi, akaangalia upande wa Dilolo, kisha akaandika kitabuni: "Hakuna kilichopita." Toka enzi za baba yake kitabu hicho kilijaa treni za shaba zilizokwenda baharini. Tangu vita vya Angola vifunge njia, mwaka mzima sasa, kurasa zote zilifanana.

Mkuu huyo aliitwa Kalenga. Mkewe alifariki mwaka huohuo, na binti yao Tshiela, wa miaka kumi na miwili, hakulia. Alikula, alilala, alikwenda shule. Moyoni hamkuwa na kitu.

Jumatatu moja Kalenga alikwenda Kolwezi kutibiwa macho, akamwachia binti yake kitabu. Tshiela aliona kazi hiyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Akaandika siku zote tano kwa mkupuo mmoja: hakuna, hakuna, mpaka Ijumaa. Alhamisi alfajiri, akiwa kitandani, alisikia magurudumu yakipita relini. Akajifunika shuka.

Ijumaa asubuhi Kalenga alirudi kwa lori. Hajakaa vizuri, simu ya kituo ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo kinachofuata, upande wa Dilolo.

"Allô, Katoka? Fundi Numbi alitoka Kolwezi juzi na kigari cha reli. Huku hajafika. Alipita kwenu?"

Kalenga akafungua kitabu. "Hapana, hapa hakukupita kitu. Atakuwa nyuma, upande wa Kolwezi."

Akaita wanaume wanne, wakajaza maji kwenye chupa. Tshiela aliwatazama kutoka mlangoni. Wangetembea siku nzima mahali pasipo na mtu, na Numbi angekufa upande wa pili. Aibu ikamshika, ikamuuma kama damu inayorudi kwenye mguu uliokufa ganzi.

"Tata, Numbi alipita," alimwambia baba yake. "Mi nilisikia kigari jana, nikabaki mu kitanda. Ile niliandika si ya kweli."

Kalenga alimkazia macho kidogo. Hakumpiga. "Tugeuke!" aliwaambia wenzake. "Upande wa Dilolo!"

Walimkuta Numbi kilomita saba mbele. Kigari kilikuwa kimepinduka, mguu wake umevunjika, midomo imekauka. Lakini alikuwa hai.

Kesho yake Tshiela alitaka kuuchana ukurasa ule.

"Usipasue, mutoto wangu. Andika kweli."

Akakata mstari, akaandika: "Alhamisi. Kigari kilipita. Sikuangalia."

"Hii kitabu haisemi treni tu," Kalenga alisema. "Inaambia batu kama kuko mutu anaangalia. Ukiandika kitu haukuona, unadanganya mutu mwenye angali mu njia. Hata siku tulizika mama yako, mi nilitoka kuangalia."

Tshiela akarudisha kurasa nyuma mpaka siku ya mazishi. Mwandiko wa baba yake ulitetemeka: "Hakuna kilichopita." Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza.

Alipomaliza, alifuta uso, akatoka kugonga reli. Akaangalia upande wa Kolwezi. Akaangalia upande wa Dilolo. Kisha akaingia kuandika.