Aliyevaa Gunia Ndani ya Gemu

Siku hiyo, katika chumba cha gemu cha Ngamiani, Tanga, walikuwamo Maulid mwenye chumba; mkewe Mwanaasha, na binti yao mchanga Maryam amelala mgongoni kwa mama yake; Kristofa fundi redio, aliyeshika kidude cha kuchezea; Bi Semeni jirani, aliyepita kuleta vitumbua akaambiwa akae kidogo; na Mzee Abdulwakil, babake Maulid, akisinzia kwenye kiti chake cha kamba karibu na mlango. Wengine wote waliokuja kusimulia kwamba waliona, hawakuwapo.

Adhuhuri ilikuwa imeshaswaliwa na jua la nje lilikuwa kali, lakini chumba cha gemu hakijui mchana. Maulid alikuwa ameziba madirisha kwa mapazia mazito ya mtumba ili kioo cha televisheni kionekane vizuri. Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu vilivyokuwa havionekani sasa vilikuwa vimejaa barabarani, redio, viatu vya wazi, vitambaa vya kila rangi vimetundikwa mpaka vinakugusa uso ukipita. Mashine ya gemu Maulid aliileta kutoka Mombasa, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye, mkewe, mtoto na baba yake.

Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya safari. Unachagua mtu wako, unampa jina, unamvalisha, halafu unamtembeza mji kwa mji. Anazungumza na wenyeji, ananunua panga, anapigana na mazimwi. Mtu wa Kristofa aliitwa Chifu, na joho lake jekundu lilikuwa limemganda mgongoni. Akikimbia, joho lilibaki vilevile. Akiketi, lilipenya ndani ya kiti.

"Huyo chifu wako kavaa bati," Maulid alimtania.

"Wote humu wamevaa bati, bwana," alisema Kristofa. "Uso wanaweza kuutengeneza, moto wanaweza, hata maji. Nguo ndiyo inawashinda. Ili nguo itembee kama nguo, mashine lazima ijue kila mkunjo unaangukia wapi. Hiki kimashine hakina akili hiyo."

Alipokuwa anasema hivyo, aliigeuza feni iangalie ukutani, isimpulize mtoto. Mwanaasha aliliona hilo akalipenda. Kristofa alikuwa kijana wa kambi za mkonge za Maramba, Mkatoliki, hana mke wala mtoto, na hakuna aliyemfundisha kuwaza mambo kama hayo.

Ndipo mwanamke akapita.

Alipita nyuma ya soko la gemu, kati ya wale watu wa bati. Alikuwa amejifunika kitu cha rangi ya udongo toka utosini hadi miguuni, na kitu kile kilitembea. Kilibana goti lililotangulia, kikalegea kwenye lililobaki nyuma. Upepo ulikijaza tumboni kisha ukakiacha. Nyuzi zilizochakaa upindoni ziliburuta vumbi.

Kristofa aliacha kubonyeza. "Hiyo haimo," alisema polepole. "Hiyo haiwezi kuwamo humu."

"Maskini," Mwanaasha alisema bila kufikiri. "Hana hata nguo. Si gunia lile?"

Yule mwanamke wa kwenye kioo akasimama. Akageuza kichwa kidogo, kama mtu aliyesikia akiitwa, kisha akakata kona akapotea. Na chumba kikajaa harufu, marashi ya waridi kwanza, halafu chini yake uvundo wa makapi ya mkonge yanayooza, ule ambao Kristofa alizaliwa nao puani.

Bi Semeni alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Mzee Abdulwakil alizinduka kitini.

"Zimeni hiyo."

"Baba, hata hujaona kitu."

"Nimesema zimeni."

Wakazima. Lakini riziki ni riziki, na kesho yake Maulid alifungua kama kawaida. Joho la Chifu likaanza kumvuka. Lile joho la bati lililegea mabegani, likateleza, likaanguka chini kwa mikunjo laini kama shuka likitoka kitandani. Wachezaji walicheka mpaka wakashikana mikono. Wakamvalisha tena, likamvuka tena. Wakamvika kanzu, ngozi, chuma, na vyote vilimwanguka, na Chifu akabaki amesimama sokoni kama alivyozaliwa, na nyuma yake, karibu zaidi kuliko jana, yule wa gunia akimtazama. Kicheko kikakatika. Wachezaji wakakumbuka kazi zao za nyumbani.

Ndani ya nyumba nako, msuli wa Mzee Abdulwakil ukaanza kukataa kiuno. Aliukaza, ukafunguka. Aliupiga fundo, fundo likafunguka lenyewe polepole, huku anatazama. Akawa anatembea ameushika kwa mkono mmoja. Msikitini, katika rukuu, ulimvuka mbele ya safu nzima. Siku hiyo alirudi nyumbani akikwepa macho ya watu, akaingia chumbani na hakutoka mpaka Mwanaasha alipompelekea uji.

"Baba, kuna nini?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Uzee, mwanangu. Tumbo limekwisha."

Mwanaasha alimwonea huruma. Mkwe wake hakuwa mkali kwake hata siku moja. Yeye ndiye aliyemtolea ile mbeleko, kitambaa cheupe cha bafta, kizito, cha zamani, kilichokuwa chini kabisa ya kasha la marehemu mkewe. "Mama yake Maulid alikiweka kwa mjukuu wa kwanza," alimwambia alipojifungua. Watu wengi wa Tanga hubebea mtoto kanga, lakini bafta ile ilikuwa imara na baridi, na Maryam hakulala popote vizuri kama ndani yake.

Sasa, akiwa uani anafua, Mwanaasha alianza kuhisi mtu akiigusa mbeleko kwa nyuma. Mguso haukuwa wa nguvu. Mtu aliipapasa upindoni, akaifuata kwa vidole, kama fundi cherehani anavyopima kitambaa kabla ya kukata. Aligeuka, hakuona mtu. Marashi ya waridi, basi.

Alimwambia mumewe. Maulid akasema, "Njoo chumbani kwenye gemu. Kristofa anataka kuitoa ile sidii aivunje. Tusome Yasini, tuvunje, yaishe." Bi Semeni naye aliitwa, maana alikuwa mtu mzima wa mtaa na mwosha wa maiti za kike, na mtu aliyezoea maiti haogopi haraka. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, msuli ameukunja mapajani.

Kristofa alinyoosha mkono kwenye mashine. Kabla hajaigusa, kioo kikawaka.

Soko lilikuwa tupu. Katikati alisimama mtu mmoja tu, na hakuwa Chifu. Alikuwa mwanamke aliyevaa kanga mbili, mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitambaa cheupe. Mwanaasha alizitambua kanga zile. Alikuwa amezivaa.

"Chomoa waya," Maulid alinong'ona.

Kristofa akachomoa, na waya akaushika mkononi, na kioo hakikuzimika, na yule wa gunia akatokea kwenye kona ya soko akaja taratibu, gunia likibana na kulegea magotini, kila uzi ukionekana, kila tundu la uzi likionekana, na kadiri alivyosogea ndivyo uvundo wa mkonge ulivyopanda kooni mwa watu waliokuwa chumbani, mpaka akasimama nyuma ya yule mwanamke wa kanga mbili, akanyanyua mkono kutoka ndani ya gunia, akaushika upindo wa kitambaa cheupe, akavuta, na mgongoni kwa Mwanaasha mbeleko ikavutwa, ikamkaza kifuani mpaka pumzi ikakatika, na Maryam ndani yake akalia mara moja tu, kilio kifupi, kisha akanyamaza.

"Ifungue," Mwanaasha alisema. "Maulid, ifungue, inambana."

Maulid na Kristofa waliliparamia lile fundo la kifuani kwa vidole vyote. Lilikuwa gumu kama jiwe. Kristofa alichukua kisu cha kukatia nyaya, na kisu kikateleza juu ya bafta bila kuacha hata alama.

"Subirini," alisema Bi Semeni.

Alikuwa hamtazami Mwanaasha. Alikuwa anatazama kioo. Lile gunia, sasa limekaribia, lilionekana limefungwa kwa vipande vya kanga kichwani, kiunoni na miguuni. Kanga ya kijani yenye korosho.

"Vile nilivifunga mimi," Bi Semeni alisema. "Nilikuwa nakaa Moa wakati ule. Huyu ni Suhaila binti Kombo, wa Pemba, alikuja peke yake na akafa peke yake. Nguo zilikuwa hazipatikani, hata sanda ilikuwa kwa kibali. Nilikwenda duka la kijiji na kibali changu mkononi. Nikaambiwa bafta imekwisha. Tukamzika Suhaila kwa gunia la mkonge. Kamba nazo hazikuwapo, nikachana kanga yangu." Akamgeukia mzee aliyekuwa kitini. "Mwenye duka ulikuwa wewe, Abdulwakil. Ile bafta unayomfungia mjukuu wako uliipata wapi?"

Mzee aliukusanya msuli wake. "Niliinunua."

"Wapi?"

"Mambo ya zamani hayo, Semeni. Kila mtu alihangaika."

"Baba," Mwanaasha alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana kwa kukosa pumzi. "Sema tu. Ulikuwa nayo. Sema asikie, amwachie mwanangu."

Chumba kizima kilimngoja. Mzee Abdulwakil alimtazama mtoto mgongoni, akatazama kioo, akamtazama mwanawe. Kisha akauinua uso wake wa heshima, uso ambao mtaa mzima uliuamkia shikamoo.

"Mimi sikumnyima mtu kitu," alisema.

Mbeleko ikakaza tena.

Bi Semeni alipiga magoti mbele ya Mwanaasha, akaliwekea lile fundo viganja vyote viwili, akasema kwa upole, kama anavyosema na wale anaowaosha: "Bismillahi. Maiti harudi, najua. Wewe ni rohani, jini wa kwao, uliyemfuata Suhaila toka Pemba ukabaki na uchungu wake. Haki unayo. Lakini mimi ndiye niliyemwosha kwa maji ya moto, nikachana kanga yangu nimfunge kichwa, vumbi lisimwingie machoni. Mafundo matatu nilimfungia bila kuombwa. Nifungulie hili moja. Kitambaa utakipata. Huyu mama amekuonea huruma hata kabla hajajua wewe nani."

Kioo kilitulia. Yule wa gunia alikigusa kile kipande cha kanga kichwani mwake, kile cha kijani.

Fundo likalegea chini ya viganja vya Bi Semeni, lenyewe, laini. Bafta ikateleza na Maryam akateleza nayo mikononi mwa Kristofa, aliyekuwa amekinga bila kuambiwa. Mtoto alivuta pumzi, akalia kwa hasira, kilio kirefu cha afya. Mwanaasha akakaa sakafuni akalia naye. Televisheni ikazimika. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

Kesho yake asubuhi walikwenda Moa, Maulid, Mwanaasha na mtoto, na Bi Semeni. Mzee walimwomba, akasema magoti yanauma. Kaburi lilikuwa karibu na mikoko, halina jina, lakini Bi Semeni alilijua. Walifukua kidogo tu upande wa kichwani, wakaifukia bafta humo ikiwa imenyunyiziwa marashi ya waridi, wakasoma Fatiha. Mwanaasha alimpa Bi Semeni kanga mpya ya kijani aliyoichagua mwenyewe dukani, badala ya ile iliyochanwa. Njiani kurudi alimbeba Maryam mikononi, mpaka mikono ikafa ganzi.

Chumba cha gemu kilifunguliwa tena. Joho la Chifu likawa bati kama zamani, likipenya viti, na watu wakacheka. Kristofa kila akipita alikuwa akiutazama upindo wa joho lile, kuhakikisha hautembei.

Kwenye nguo za Mzee Abdulwakil, hata hivyo, hakuna kilichobadilika. Alikaa ndani, shuka limerundikwa mapajani, na alikuwa akilishika kwa mikono yote miwili hata usingizini. Mwanaasha alimpelekea uji kila siku mpaka mwisho. Mara nyingine alimuuliza, "Baba, bado hutaki kusema?" naye aligeukia ukutani.

Alikufa masika yaliyofuata. Maulid alinunua bafta bora kuliko zote, tena ya ziada, kwa sababu sasa ilikuwa imejaa kila duka. Wanaume walimwosha mzee, wakamkunjia sanda, na sanda ikamteleza kama maji. Wakaikunja upya, ikateleza. Wakaifunga kwa vipande vyake, vipande vikafunguka wakivitazama. Walifungua nyingine na nyingine, hadi bafta zikarundikana ukutani na alasiri ikapita na watu waliokuja kuzika wakaanza kuulizana uani kwa minong'ono.

Bi Semeni alikuwa amekaa na wanawake jikoni. Aliponyanyua uso, Mwanaasha alikuwa anamtazama. Mwanaasha alitoka akaenda kwa Kristofa pale nje, akamnong'oneza, na Kristofa akaondoka.

Mzee Abdulwakil wa Ngamiani alizikwa kwa gunia la mkonge, na halikumteleza.