Kila Swali Aliitika "Hai"

Majirani zangu wa Misugusugu, na nyinyi wa Masaki mnaonifahamu, leo nisikilizeni mpaka mwisho. Mimi ni Mwalimu Marselina. Nimefundisha darasa la kwanza miaka kumi na tisa, na jambo hili limenikaa kooni tangu mwezi wa nane.

Nyumba ya fundi Pazi mnaijua, ile yenye gereji mbele. Ilikuwa nyumba tulivu. Jioni fundi ananawa oili mikononi kwa sabuni ya unga, mkewe Nuria anakaanga mihogo, binti yao Hajira anasoma barazani. Hajira alikuwa na miaka ishirini na mitano, ana cheti cha uuguzi, kazi hajapata. Ndipo likatoka tangazo: shirika fulani linatafuta vijana wa kwenda Japani kufunzwa kutunza wazee. Masharti yalikuwa mawili tu. Usiwe umevuka miaka ishirini na mitano, na uweze kuzungumza Kijapani kidogo cha kuanzia. Usaili ungekuwa baada ya miezi sita. Kwa Hajira hiyo ilikuwa nafasi ya kwanza na ya mwisho, maana mwakani umri ungekuwa umempita.

Sasa wiki hiyohiyo, fundi Pazi akaletewa basi dogo lililotumika, limetoka Japani, zamani lilikuwa la shule. Akang'oa kiti cha nyuma, akakuta boksi. Ndani kuna vitabu vya shule ya msingi, darasa la kwanza mpaka la tatu, kwa Kijapani. Vitabu vizuri, sikatai, vina picha za sungura na za mvua. Akaja kwangu mbio, jasho linamtoka.

"Mwalimu, tumepata! Watoto wa Kijapani wenyewe wanasomea hivi. Hajira ataanza darasa la kwanza kama wao, apande la pili, apande la tatu. Mpaka siku ya usaili anaongea kama mzaliwa."

"Baba Hajira, hebu ngoja." Nikachukua kitabu changu cha Kiswahili cha darasa la kwanza, nikampa. "Nionyeshe humu mahali mtoto anapofundishwa kuomba chakula."

Akafunua, akafunua tena. "Hamna."

"Kwa nini hamna?"

"Si anajua! Mtoto mzima wa miaka sita ashindwe kuomba ugali?"

"Basi na Japani ni hivyohivyo. Mtoto anakuja shule anaongea tangu kwao. Mwalimu anamwonyesha tu namna ya kuandika kile anachokisema. Hajira wako bado hajui kusema kitu."

Akatikisa kichwa kukubali. "Nimekuelewa, Mwalimu," akasema, akanyanyua boksi lake akaenda zake. Neno hilo, "nimekuelewa," liwekeni akilini.

Pale Maili Moja yupo Fabian, kijana aliyesoma Japani miaka minne. Kila Jumamosi mchana alikuwa anafundisha vijana kwa kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya wageni wanaojifunza Kijapani. Akampa Hajira nakala. Pazi akairudisha siku hiyohiyo. "Kitabu cha wageni kitamfanya mwanangu mgeni," akamwambia Fabian mlangoni. "Sisi tunavyo vya wenyewe." Jamani! Kwani Hajira huko Japani angekuwa nani kama si mgeni?

Pazi akaona gereji ina kelele, akamhamishia binti kijijini Masaki, hii ya huku kwetu si ile ya mjini, kwa bibi yake, Bi Swaumu, asome kwa utulivu. Likizo ya mwezi wa sita nikapanda bodaboda nikaenda kumwona. Masikini, alikuwa amejitahidi. Herufi za Kijapani, alizojifunza kwa simu, alikuwa anaziandika vizuri kuliko mimi ninavyoandika ubaoni. Akatusomea ukurasa mzima wa sungura aliyepoteza kofia, na namna sungura anavyoruka, pyon, pyon, pyon, bila kukosea.

Bi Swaumu alikuwa anamenya mihogo ya makopa. "Mjukuu wangu, unasoma hasa," akasema. "Haya, hebu niombe maji kwa hicho Kijapani."

Hajira akafikiri. "Maji nayajua, Bibi. Kuomba ndiyo sijafika. Labda kuko darasa la pili."

Bibi alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mpaka ufike hilo la pili si utakuwa umeshakufa kwa kiu!"

Mimi sikucheka. Nikamuuliza Hajira, akisemeshwa na asielewe, atafanya nini? Akanionyesha picha: mwalimu anaita majina, watoto wananyoosha mikono, wanaitika "hai." Baba yake alipoiona picha hiyo mara ya kwanza alisema watoto wanaulizwa kama ni wazima. Hajira akatafuta kwenye simu, akaona maana yake ni "ndiyo." Mnadhani Pazi alikubali kwamba amekosea? Thubutu!

"Baba kasema basi hiyo ndiyo 'naam' yao," Hajira akaniambia. "Mkubwa akinisemesha niitike 'hai', adabu itaonekana. Nisimuulize mkubwa maswali."

Nikampigia Pazi simu palepale. Akasema nisiwe na wasiwasi, amenielewa.

Siku ya usaili ikafika. Ulifanyika Kibaha, ukumbini, na kila msailiwa aliruhusiwa mzazi na mdhamini. Mdhamini nilikuwa mimi. Mbele alikaa bibi wa Kijapani mwenye nywele nyeupe, pembeni yake mkalimani anaitwa Ambokile, anaandika. Hajira akasimama akajitambulisha: "Boku wa Hajira." Yule bibi akafunika mdomo kwa kiganja. Baadaye tuliambiwa kwamba "boku" maana yake "mimi", ila ni namna watoto wa kiume wanavyojiita. Ndivyo sungura wa kitabuni alivyojiita, na Hajira angemjulia wapi mwingine?

Kisha maswali yakaanza. Bibi anauliza, Hajira anainamisha kichwa: "Hai." Anaulizwa tena: "Hai." Mara saba nilihesabu. Pazi akanisukuma kwa kiwiko, uso unang'aa. "Unasikia, Mwalimu? Hakwami hata moja!"

Mimi nilikuwa namtazama mtoto. Kila swali, kabla ya kuitika, alimtupia baba yake jicho.

Ambokile akatuita nje na karatasi yake. "Mzee, nisamehe, ni vizuri mjue. Aliulizwa amewahi kufanya kazi gani. Akajibu, ndiyo. Akaulizwa, mgonjwa akikataa kula, utamlazimisha? Akajibu, ndiyo. Bibi akaongea polepole zaidi. Ndiyo, ndiyo. Mwisho akamuuliza, umeelewa ninachokuuliza? Akajibu, ndiyo."

"Sasa kosa liko wapi?" Pazi akauliza. Hata hapo, jamani!

"Kutojua lugha wangemvumilia, wangemfundisha. Lakini mtu anayesema ameelewa na hajaelewa, siku moja atampa mzee wa watu dawa isiyo yake. Bibi amesema hawezi kumchukua."

Nafasi akapewa Halidi, mchoma mkaa wa Vihingo, mwanafunzi wa Fabian. Kijapani chake kilikuwa cha kubabaisha, lakini mara tatu alimsimamisha yule bibi akamwomba arudie.

Hajira hakulia pale ukumbini. Alilia nyumbani, mbele ya baba na mama yake, na alichosema ni hiki: "Baba, nilikuwa sielewi hata neno moja. Na nilikuwa sijui hilo nalo linasemwaje."

Nilikasirika, wala siwafichi. Baada ya siku tatu nikawachukua baba na binti, nikawapeleka kwa Fabian. Fabian hakuwasuta. Akafungua kile kitabu cha wageni, somo la kwanza, akawasomea: "*Wakarimasen. Moo ichido onegai shimasu.* Maana yake, sijaelewa, naomba urudie."

Hajira akayarudia maneno yale taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili. Yalimtoka vizuri kabisa.

Pazi akauliza, "Huu ukurasa wa ngapi?"

"Wa nne," Fabian akajibu.

Fundi akakichukua kitabu, akahesabu kurasa kwa kidole: moja, mbili, tatu, nne. "Nafasi ya mwanangu ilikuwa ukurasa wa nne," akasema. Kisha akanigeukia, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwalimu, siku ile uliponipa kile kitabu chako nilikwambia nimekuelewa. Sikuwa nimeelewa. Niliona aibu, mtu mzima kuelezwa kitabu cha darasa la kwanza. Naomba urudie."

Nikarudia. Kwa hasira, lakini nikarudia, na safari hii aliuliza maswali.

Hajira ametimiza miaka ishirini na sita mwezi uliopita. Jumamosi yuko kwa Fabian, anasonga mbele vizuri, ila shirika lile halimpokei tena.

Funzo, na hili ni la wazazi kabla ya watoto

Kitabu kizuri kinaweza kuwa si chako. Kile cha sungura kiliandikwa kwa mtoto ambaye mama yake amemsemesha Kijapani tangu tumboni. Hajira hakuwa huyo mtoto. Mgeni asome kitabu cha wageni, wala si kushushwa hadhi, ndiko anakoanzia kila mgeni.

Lakini vitabu si tatizo langu kubwa. Tatizo langu ni hiyo "naam" yetu. Tunawafundisha watoto kuitikia kila kitu, mkubwa akisema basi ameeleweka, halafu tunaita adabu. Na sisi wenyewe, tukielezwa jambo tusilolijua, tunatikisa vichwa tusionekane wajinga. Hajira aliitika "hai" mara saba kwa sababu baba yake amekuwa akiitika hivyo maisha yake yote.

Mimi darasani kwangu nina mtindo mmoja, na leo nautumia kwenu watu wazima. Haya. Nani hajaelewa? Anyooshe mkono, nirudie.