Kasanduku ka Kugawa Picha

Eeh, kweli, mwizi aliacha kamba zote za télévision, akabeba kasanduku tu. Ndiyo ile ilimusumbua Inspecteur Kahongya siku ile pale Mususa, wakati wa vita, mwaka barabara ya Beni ilifunguka kidogo.

Télé ya Papa Maliro, station ndogo ya mutaa, ilikuwa chumba moja na kamera moja. Siku ile korali ilipashwa kuimba mule ndani, batu baangalie inje mu kiwanja ya parcelle, kwa télévision sita. Kasanduku ndiko kanapokea picha moja, kanaigawa mara sita. Sasa kameibiwa, na wageni ba Beni bako njiani!

Kahongya akainama, akashika kamba. Kila ncha ilifungwa muzuri na kipande ya sachet ya plastiki.

"Zorobabel," akaita fundi, "mwizi gani anafungaka kamba ju mvua isiingie?"

"Pengine iko mwizi wa adabu, chef."

"Kasanduku, nani alikachagua?"

"Mimi, chef. Kule Kirumba. Zilikuwa mbili. Moja inakula courant ya umeme, ingine hapana. Nikasema, vita hii, mazout ya jenereta iko wapi? Nikatwaa ile haikule."

"Ulikajaribu?"

Zorobabel akapangusa kamba moja na shati.

"Minauliza: ulikajaribu?"

"Jana, chef. Télévision moja, picha muzuri. Mbili, muzuri kidogo. Sita... korali yote ilikuwa bivuli!"

Papa Maliro akashika kichwa. "Lakini ile bila courant inagawa tu, haiongeze nguvu! Ni kutia maji mu supu ya batu babili ju bakule sita!"

"Kasanduku kako wapi?" Kahongya akauliza.

"Jikoni kwa Mama Thérèse, mupishi wetu. Mu gunia ya maharagi."

"Ju ya nini, mutoto?"

Zorobabel akafuta macho. "Papa ya Joyeuse, muchumba wangu, anatoka Beni leo ju ya kuniangalia. Miaka tatu barabara ilitukatalia. Akikuta nimeibiwa, atanihurumia. Akikuta sijue kazi, atarudisha binti yake."

"Loo!" Mutu akacheka mulangoni. Alikuwa Papa Ananie mwenyewe, papa ya Joyeuse, vumbi mpaka mu nyushi, amesikia yote. "Niliogopa kuoza mutoto wangu kwa mudanganyifu. Huyu hata kuiba hajue!"

Hata Kahongya akacheka, akapasua karatasi ya procès-verbal, ile alitaka kuandikia wizi.

"Leta télévision moja, weka katikati," Ananie akasema. "Miaka tatu vita ilitugawa. Na wewe tena unataka kutugawa mara sita?"

Bila kasanduku, kwa kamba moja tu, picha ikatoka safi, korali ikaimba. Mama Thérèse akaleta bugali na maharagi, yale yaliyolala na kasanduku. Zorobabel akabakia kusimama pembeni, kwa heshima.

"Ikala, mukwe," Ananie akamuambia.

Akaikala. Na bote bakaikala, bakanawa, bakakula.